Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar: makala ya utafiti isiyo na mwenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Kwa miaka miwili nilikuwa msaidizi wa utafiti Paje, nikifuatana na akina mama wakulima wa mwani kila bamvua, tukihesabu kamba na kuandika ni taitai ngapi (vile vikamba vya kufungia mwani kwenye kamba) zimebaki tupu baada ya mwani kugeuka mweupe na kukatika kwa joto la maji. Mwaka jana nililetewa makala ya jarida la nje yenye jina langu, la tatu kati ya matano. Sikuiandika, sikuulizwa, na katika hao wenzangu wanne namjua mmoja tu. Kilichoniudhi zaidi ni maandishi yenyewe: ukikitafsiri Kiingereza chake, mwani umeitwa "nyasi za bahari zinazofugwa" na maji ya joto yamekuwa "majimaji yenye homa".

Bila shaka kazi ya mtu ilipitishwa kwenye programu ya kubadilisha maneno ili wizi usijulikane, kisha yakatafutwa majina ya kuipamba. Mchezo huu si mgeni. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitengeneza SCIgen, programu inayotunga makala za upuuzi mtupu. Mwaka 2014 wachapishaji wa majarida Springer na IEEE wakaondosha zaidi ya makala 120 za namna hiyo, baada ya mtafiti Cyril Labbé wa Ufaransa kuzifichua. Mwaka 2023 kampuni ya uchapishaji ya Hindawi peke yake ilifuta makala zaidi ya 8,000.

Nafahamu kwamba kufuta makala ni kazi ya mhariri, si ya Wizara. Lakini mhariri alinijibu kwamba anasubiri kauli ya taasisi ya mwandishi, na taasisi hiyo, ambayo sitaitaja, ikaniambia inasubiri kauli ya mhariri. Hapo ndipo ninapokuomba, Mheshimiwa, uzitake taasisi zilizo chini yako zichunguze malalamiko haya kwa muda maalumu, zimwandikie mhariri matokeo, na zisiihesabu makala yoyote katika kupandisha vyeo mpaka kila aliyetajwa athibitishe kwa saini alichokifanya. Na ikifutwa, isinyofolewe kimyakimya. Ibaki ikisomeka, imegongwa alama ya kufutwa, pamoja na sababu na jina la aliyeifuta, kwani wapo waliokwisha kuinukuu, na mmoja wao nimemwona akizitumia takwimu zake kuwashauri wakulima wapi wahamishie kamba zao.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa msaidizi wa utafiti, Paje