Iulize prosesa kabla hujatoa hela

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mama hajambo, mguu umepoa, na anakukumbusha kikapu chake.

Ujumbe wako kuhusu ile kompyuta ya mtumba nimeusoma. Usitoe hela bado. Umenitajia ramu ya GB 8 na diski mpya, lakini programu yako ya kugeuza sauti za wazee wa Bagamoyo kuwa maandishi inadai AVX2, yaani kundi la amri za hesabu zilizojengwa ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na hiyo hukuitaja kabisa.

Naujua uchungu wake. Mwaka jana niliweka kanzidata ya duka kwenye mashine yangu. Kila nikiifungua inakufa papo hapo, inaacha maneno mawili tu: Illegal instruction, yaani amri isiyokubalika. Nilikesha siku mbili. Nikabadilisha ramu, nikaipakua programu upya, nikaishuku diski. Kumbe hakuna kilichoharibika. Programu ilikuwa inaipa prosesa amri ambayo haikuumbwa nayo.

Na amri hizo huwezi kuzinunua baadaye ukachomeka kama ramu. Zimo ndani ya prosesa tangu kiwandani, au hazimo. Kwa AVX2 prosesa hukokotoa namba nane za biti 32 kwa mkupuo mmoja, na kazi ya sauti ni hesabu za namna hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwaka wa kutengenezwa nao usikuhadae. AVX, kundi lililotangulia na ndilo kanzidata yangu ililolidai, iliingia sokoni 2011, AVX2 ikafuata 2013, lakini prosesa kadhaa za bei nafuu zilizotoka baadaye hazikupewa. Yangu ni ya 2012, nikajihesabia kwamba AVX imo. Haimo.

Kwa hiyo nenda na flashi yenye mfumo wa kuendesha kompyuta wa Linux, mwombe muuzaji aiwashe kompyuta kwa flashi hiyo, kisha fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

grep -ow avx2 /proc/cpuinfo

Ikiwa imo, neno avx2 litashuka mstari kwa mstari. Ikinyamaza, haimo, muage muuzaji kwa wema uondoke. Ila tumia herufi ndogo, shoga, maana ukiandika kwa kubwa itanyamaza hata kama imo, nawe utaiacha mashine nzuri.

Akikataa flashi, nakili jina la prosesa na namba zake zote, usiruke hata herufi ya mwisho, unitumie. Nitaitafuta kwa mtengenezaji usiku huohuo.

Wako,
Zuhura