Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaoandika na Kuchora Tashtiti

Wanangu,

Nazifuatilia kazi zenu zinazokejeli kampuni kubwa zinazomeza maduka ya mitaani, nami nafurahi kwamba mmekataa kulinyamazia jambo hili. Hata hivyo, karibu kila mara nakutana na tajiri yule yule mwenye kitambi na sigara nene, aliyekalia magunia ya fedha. Msomaji anacheka, anafunua ukurasa, na bado hajui duka la jirani yake lilifungwa kwa njia gani.

Kitazameni kibonzo cha Joseph Keppler kilichotoka katika jarida la Puck la Marekani mnamo Januari 1889. Matajiri wamo, tena wanene kuliko hawa wenu, matumbo yao yakiwa mifuko ya fedha yenye majina ya ukiritimba wa mafuta, chuma na sukari, nao wamesimama nyuma ya maseneta waliochorwa wadogo mno. Lakini msiishie kwenye matumbo. Juu ukumbini upo mlango wa wananchi, nao umefungwa kwa makomeo; upande wa pili upo mlango wa wenye ukiritimba, nao uko wazi. Milango hiyo miwili ndiyo inayoeleza mambo yalivyokwenda. Mwaka uliofuata, 1890, nchi hiyo ilipitisha Sheria ya Sherman dhidi ya ukiritimba. Sidai kwamba kibonzo ndicho kilichoileta, bali nasema kilimwonyesha mwananchi mahali alipozuiliwa.

Nanyi nawaomba mchore milango. Duka kubwa linaweza kuuza bidhaa chini ya gharama kwa miezi kadhaa kwa sababu hasara yake hufidiwa na matawi mengine, ilhali mwenye duka dogo hana pa kuifidia. Duka hilo kubwa humbana msambazaji ampunguzie bei kwa kiasi ambacho wengine hawapewi, kisha humlipa baada ya siku 60 au 90, wakati mzigo umekwisha kuuzwa na fedha zimekwisha kuzungushwa, hata ikawa mnyonge ndiye anayemkopesha mwenye nguvu, tena bila riba. Mnahitaji kichekesho gani kichungu kuliko hicho?

Jambo linaloniuma ni kumdhihaki mteja. Anayehesabu sarafu mbele ya rafu na kuchagua bei nafuu si mjinga wala si msaliti. Ujira wake mdogo ni sehemu ya habari hiyo hiyo, na pengine anayemlipa ni duka hilo hilo. Wala msimfanye mwenye duka dogo kuwa malaika, kwani wapo wanaopunja mizani, na wasomaji wenu wanawafahamu.

Kabla ya kushika kalamu, ketini na msambazaji mmoja, mumwombe awaonyeshe ankara zake: siku aliyopeleka mzigo na siku aliyolipwa. Ziwekeni tarehe hizo mbili ndani ya kibonzo, kwa maandishi yanayosomeka, na mwanasheria wa kampuni atapata taabu kuzikanusha.

Mzee wenu