Mtoni hamna maji tu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka yote na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari ya waheshimiwa kupanda miti kando ya mto Karanga imenishinda. Nimehesabu pichani: watu kumi na wanne, mche mmoja. Nikaisoma mara mbili nikitafuta neno "samaki". Hamna. Kuna "chanzo cha maji", kuna "mita 60", "wadau" ndio usiseme. Mto umekuwa bomba lililokosa mfuniko.

Hizo mita 60 za ukingo zinazotakiwa kulindwa nazijua, kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Lakini ukishalinda ukingo, ndani ya maji nani anachungulia?

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa darasa la nne aliambiwa apeleke shuleni mdudu wa majini kwenye chupa. Nikajigamba, twende, babu yako amefundisha baiolojia mpaka amestaafu. Utotoni ukiinua jiwe moja pale Karanga, kaa anachomoka huku, na mtoto wa kereng'ende amenata kule, maana yule kabla ya kuota mabawa huishi chini ya maji na kupumua humo humo. Safari hii tumeinua mawe hadi kiuno kikagoma. Chini ya la kwanza tope jeusi linalonuka yai viza. La pili, pampasi. Hatua chache juu yetu kijana anaosha fuso, povu linatushukia. Sabuni ile hulegeza uso wa maji, na wale wadudu wa miguu mirefu wanaotembea juu yake huzama. Nikamweleza kijana. Akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Kwani maji si yanatembea?" Yanatembea, mwanangu. Yanaingia Weruweru, kisha Kikuletwa, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kitoweo chako kinavuliwa. Tukateremka kidogo tukakuta visamaki vinaelea matumbo juu na vijana wawili wanaviokota kwenye ndoo ya rangi. Zamani waliolevya samaki walitwanga utupa, mmea wenye sumu ya samaki. Hawa wamemwaga dawa ya nyanya, kichupa kiko pale pale kwenye majani, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inayokataza sumu ipo kabatini imelala. Bonde hili la Pangani lina perege ambaye asili yake ni hapa tu, hata jina lake la kitaalamu limetokana na Pangani, nasi tunamwekea dawa ya viwavi. Mjukuu akaniuliza, "Babu, aliyekufa anahesabiwa?" Jumatatu alipeleka chupa ya maji matupu.

Na kwa kuwa kalamu ninayo mkononi: ada ya taka. Mkusanyaji hakosi mwezi, na mashine yake ya risiti. Gari lenyewe mara ya mwisho nililiona ulipopita Mwenge. Sasa mtu afanye nini na mfuko unaovuja? Usiku unabebwa kwenda mnakokujua. Masika ikianza wengine wanatapisha vyoo, na asubuhi tunaulizana harufu inatoka wapi kama wageni wa mtaa. Nikiuliza ofisini naambiwa niandike barua. Hii hapa.

Ushauri wangu ni mdogo. Siku nyingine mgeni rasmi akija kupanda mti, kabla hajapewa kipaza sauti avue viatu, aingie mtoni, ageuze mawe matatu ya kuchagua mwenyewe, kisha aseme mbele ya kamera zenu ameona nini kinachotembea. Akitaka buti za mvua, shughuli iahirishwe. Taulo nitaleta mimi.

Mwalimu mstaafu,
Karanga, Moshi