NGO zetu hazikuanguka toka mbinguni

Mhariri, salaam.

Kila siku nasoma watu wanazisema NGO, yaani asasi zisizo za kiserikali, mara wanakula pesa za wafadhili, mara vibaraka wa mabeberu, mara kazi yao semina na posho. Mimi nimefanya kazi kwenye asasi ndogo miaka kadhaa na sibishi, hayo yapo, nimeandika proposo ambazo wanakijiji wenyewe tuliokuwa tunawaombea pesa wasingeelewa hata mstari mmoja. Ila mbona hatuulizani tulifikaje hapa? Nchi hii yetu ya Tanzania ilikuwa na vyama vya watu kabla ya uhuru, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Kilimanjaro ni ya 1933.

Baada ya Azimio la Arusha 1967 fikra ikawa moja tu, chama tawala, TANU, kinamtosha kila mtu, ukikusanya watu nje ya chama unaulizwa una nia gani. Wanawake UWT, wafanyakazi NUTA, wazazi nao na jumuiya yao, wote chini ya mwavuli mmoja. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976, mazao yakapelekwa kwenye mamlaka za serikali, halafu 1982 ikabidi itungwe sheria ya kuvirudisha.

Lakini kinachoniuma mimi ni Ruvuma. Miaka ya sitini mwanzoni vijana walianzia kijiji cha Litowa, vijiji vingine vikawafuata, wakawa na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wanalima pamoja, wanagawana, wana shule yao, mambo yanaamuliwa kwenye mkutano wao, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu maana ndo ujamaa ule ule aliokuwa anauhubiri. 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakipiga marufuku. Hawakuwa wapinzani wala mabepari hawa, ni wajamaa kabisa! Mi naona kosa lao ni moja, walijiamulia wenyewe bila kungoja mtu wa juu.

Miaka ya themanini upepo ukageuka, 1986 tukasaini makubaliano ya mkopo na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, sasa ikawa serikali ijitoe, soko na watu binafsi wafanye, wafadhili wakaanza kupitisha pesa pembeni ya serikali na NGO zikaota kama uyoga. Watu wakadhani ndo uhuru umefika, kumbe mwenye kuamua bado yuko juu, kabadilika tu, zamani ripoti ilienda kwa katibu wa chama sasa inaenda kwa mfadhili, na mwaka anaobadilisha kipaumbele na sisi tunabadilisha matatizo ya kijiji. Na ile hofu ya zamani haikuondoka, BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania, ilifutiwa usajili 1997 kwa kuambiwa inafanya siasa, wakati mfumo wa vyama vingi vya siasa tulishaupitisha 1992. Ndo maana hata Sheria ya NGO ya 2002 na marekebisho ya 2019 ukiyasoma unaona yanauliza sana nani kakupa pesa, kuliko yanavyouliza wanachama wako ni nani na wanachanga nini.

Mimi ningeanzia hapo hapo, kikundi kinachoishi kwa michango ya watu wake kipewe usajili mwepesi pale pale kijijini, bila makaratasi ya shirika la mamilioni.

Na kama kuna msomaji aliyeishi Litowa au mzazi wake aliishi, nakuomba Mhariri umpe nafasi aandike ilivyokuwa siku ile walipoambiwa basi.

Msomaji wako.