Salamu za Iddi el-Fitri kwa majirani na wapishi wa futari

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, akina mama, vijana wa msikitini na majirani wa dini zote, Iddi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga na visimamo vyetu, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na mwaka huu hawapo.

Mwezi ulipoandama, mtaa mzima ulikuwa ukipima mchele. Zakatul-fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, hata mtoto mchanga hutolewa yake. Kwa mizani ya dukani ni kama kilo mbili na nusu hadi tatu. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, ameeleza kuwa imewekwa kumtakasa mfungaji na maneno ya upuuzi, na iwe chakula cha maskini. Ndiyo maana hutangulia sala, ili asubuhi ya Iddi asiwepo wa kuzunguka akiomba.

Lakini orodha zetu huandikwa kwa nyumba: kwa mjane yule, kwa mzee yule. Anayelala kwenye baraza za maduka Kariakoo hana nyumba, basi hayumo. Na tukimkumbuka, tunampa mchele mkavu. Ataupika wapi? Hana jiko, hana sufuria, hana hata pa kuuficha usiku. Wengine huuza kwa bei ya kutupa, nasi tukawasema. Mtu akishapewa haki yake ni yake. Akiiuza akapata wali maharage kwa mama ntilie, kosa liko wapi?

Wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwetu zakatul-fitri ni nafaka yenyewe, si chakula kilichopikwa. Sibishani na masheikh. Ila sadaka haina sharti hilo. Pishi iende inakostahili, na sufuria la sadaka liinjikwe pembeni. Mwezi mzima akina mama wametuonyesha kuwa inawezekana: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi, tende, vyote kwa michango ya mia tano na elfu moja, na kila aliyekuja amekula bila kuulizwa anaabudu wapi. Suratul Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani. Na Qatada, mfasiri wa Qurani wa zama za mwanzo, alisema mateka wa siku zile walikuwa washirikina.

(Na hizi picha, jamani! Mtu mzima kashika sahani, kamera usoni. Qurani imetukataza kuziharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia. Simu zibaki mfukoni.)

Leo na kesho hakuna atakayekosa pilau. Hata wapita njia huitwa. Njaa hurudi Iddi tatu, wageni wakishaondoka na masufuria yakishaoshwa. Hata hivyo Shawwal, mwezi huu unaofuata Ramadhani, ina funga ya sita, yaani siku sita za sunna, na watakaoifunga watahitaji futari vilevile. Kwa hiyo tumekubaliana mafiga yasing'olewe: jioni za sita tutapika kama tulivyopika Ramadhani, na waliolala njaa watakula pamoja na waliofunga. Mwenye kuni, kunde, nazi au mikono miwili ya kumenya mihogo aje uani kwa msikiti baada ya Alasiri. Sahani zimepungua, kwa hiyo mwenye za ziada asisahau.

Iddi njema, nyote na watoto wenu.