Makame, habari ya kuzungusha chombo angani

Wete, Pemba

Makame yakhe, asalaam alaykum,

Voisi yako nimeisikiliza nkacheka peke yangu, eti "hawa wanaanga kama wanaelea si wakizungushe tu hicho chombo wapate uzito, pesa zote zile washindwe na hilo?" Nakuandikia kwa sababu kwa simu hunipi nafasi ya kusema.

Kwanza hio ya kwamba huko juu hakuna mvutano iwache. Stesheni ya kimataifa ya angani, wanamokaa hao wanaanga, iko kama kilomita 400 tu kutoka hapa chini na mvutano wa dunia pale upo bado, karibu asilimia 90. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao waanguka pamoja saa zote, ila kasi ya kwenda mbele ni kubwa ndo hawaifikii ardhi. Na sio raha unavoona kwenye klipu, mifupa yapungua kama asilimia 1 kwa mwezi, mazoezi karibu masaa mawili kila siku. Kuizungusha ile yenyewe hawataki, wameijenga makusudi wapate pa kufanyia majaribio pasipo uzito.

Haya, kuzungusha sasa. Wakumbuka ile pembea ya kuzunguka pale Kariakoo siku za Idi, ubavu unavogandamana na chuma cha nje? Hakuna kitu kinachokusukuma nje yakhe, mwili wataka kwenda zake moja kwa moja, chuma ndo chakukatalia, chakurejesha ndani. Angani ivo ivo, sakafu yakusukuma miguu kuelekea katikati na weye waona una uzito, chini inakuwa upande wa nje.

Tabu ni ukubwa. Ukitaka uzito kama wa hapa Wete na kizunguke mara 2 tu kwa dakika, toka katikati mpaka sakafuni zatakiwa mita 224. Mwendo huo watu wengi wauvumilia. Sasa ubane matumizi, ujenge kiduara cha mita 10 toka katikati, inabidi kizunguke mara tisa na nusu kwa dakika, hapo ukigeuza shingo tu ni kizunguzungu na matapishi, afu kichwani uzito ni pungufu kuliko miguuni kwa asilimia 17 hivi, na kijiko kikikuponyoka hakianguki wima, chaenda pembeni. Iloniua mie ni hii: sakafu ile yenda kama mita 10 kwa sekunde, kwaiyo akija Usain Bolt, yule alokata mita 100 kwa sekunde 9.58, akakimbia kinyume na mzunguko basi kama hazunguki tena, uzito wamtoka, miguu haishiki, anaelea! Akigeuka akakimbia kufata mzunguko ndo azidi kuwa mzito.

Gurudumu kubwa kama alilolipigia debe Wernher von Braun, yule mhandisi wa maroketi, mwaka 1952 mie silitaki, vyuma vyote vile nani avipandishe. Bora kamba. Vyombo viwili vya uzito mmoja, kamba ya mita 450 hivi kati yao, vizungukane mara 2 kwa dakika. Na kamba ilishajaribiwa, Septemba 1966 wanaanga wa Marekani Pete Conrad na Richard Gordon ndani ya chombo chao Gemini 11 walijifunga na chombo chengine kisicho na watu, Agena, kwa kamba ya mita 30. Mwanzo kamba ikagoma, yajipinda tu, ilipotulia wakaiwachia kamera ndani ya chumba ikasogea taratibu mpaka nyuma. Wenyewe mwilini hawakuhisi kitu, uzito ulikuwa mdogo mno, lakini kamera ilijua pa kwenda.

Sasa weye mtu wa majahazi nambie. Ile kamba ya mita 450 ikikatika kila chombo chaenda njia yake kwa mita 47 kila sekunde, na huko hakuna wa kukufata. Ungefunga kamba ngapi? Mie naona zisipungue nne.

Bi mkubwa mpe salamu zangu.