Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Habari za ada na vifaa atazisoma mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja, nalo ni mapipa ya makumbi ya nazi tunayochujia maji machafu ya karakana.

Kwa miaka mingi maji ya kusuuzia betri na ya kuchovyea vyuma yametoka karakana zetu, yakaingia mtaroni na kuishia Mto Msimbazi, ambako watu wanamwagilia mchicha na matembele. Maji ya betri yana risasi, ile metali nzito yenye sumu. Risasi haiozi, wala haiondoki kwa kuchemsha mboga. Inaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa, kiasi kisichoonekana kwa macho. Iliniuma sana nilipoelewa hivyo, maana na mimi nilimwaga.

Makumbi ya nazi yaliyosagwa huinasa risasi juu ya nyuzi zake. Mwanzoni tulikosea: tulipitisha maji ya betri yakiwa bado na tindikali, na tindikali ikawahi nafasi zote, risasi ikapita. Sasa tunatia chokaa kwanza, mashapo yanatuama, tunapima kwa karatasi ya pH, ile inayoonyesha ukali wa tindikali, mpaka ifike 5 hivi, ndipo tunafungulia bomba polepole. Maji ya kuchovyea vyuma, yenye metali ya kromu, yana pipa lake, kwa sababu kromu ile ya njano hunaswa vizuri maji yakiwa na tindikali. Tafadhali msiyachanganye.

Lakini makumbi hayaimalizi sumu, yanaishika tu. Kuna jioni nilimkuta kijana wetu ameyaanika yaliyotumika, ayatumie kuwashia jiko la chai. Yalikuwa makavu, mazuri kabisa kwa macho. Simlaumu, hatukuwa tumemwambia. Yale ukiyachoma, risasi inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi. Ukiyafanya mbolea, umeirudisha kwenye mchicha.

Kwa hiyo kila gunia lililojaa linafungwa, linaandikwa SUMU kwa rangi nyekundu na kuwekwa juu ya sakafu ya zege, ndani, lisinyeshewe. Kuyaondoa ni kazi ya mwenye kibali cha taka hatarishi, naye analipwa. Kamati inaomba leo mkubali mchango wa kila karakana kwa kazi hiyo. Stoo ina magunia kumi na moja, na la kumi na mbili halina pa kukaa.

Mwenyekiti